Umekabidhiwa peji ya shirika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watu wa Nyanda za Juu Kusini

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa watu wanaoshika peji za mashirika madogo huku kwetu, kuanzia Mbeya mjini, Tukuyu na Vwawa mpaka Makambako, Njombe, Mafinga na Iringa. Siongelei mashirika makubwa yenye ofisa mawasiliano na gari la mradi. Naongelea yale ya watu watano sita, ofisi chumba kimoja Soweto au Kihesa, na peji kapewa yule aliyekuwa na simu yenye kamera nzuri. Nimejibu kama mtu anayefanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo penye msimamo wangu nitausema, ukiona sivyo endelea na wako.

Nimeambiwa tu "wewe kijana, shika peji". Naanzia wapi?

Usianze na kuposti. Anza na kujua peji imeshikiliwa na nani. Nani aliifungua, namba gani ya simu iko mle, barua pepe ya nani, na nani mwingine ana mamlaka. Mashirika mengi huku peji ilifunguliwa na mwanafunzi wa MUST au wa Mkwawa aliyekuja kujitolea, akamaliza chuo, akapata ajira Dodoma, akaondoka na peji mfukoni bila hata nia mbaya, hamna aliyemwambia aiache.

Peji ya Facebook haina paswedi yake yenyewe, inaendeshwa kupitia akaunti za watu binafsi waliopewa mamlaka. Kwa hiyo kama ni mtu mmoja tu na akaunti yake ikafungiwa, au kabadili simu na kusahau kila kitu, peji inabaki yatima. Weka watu watatu wenye mamlaka kamili: mratibu, wewe, na mjumbe mmoja wa bodi ambaye hana haraka ya kuondoka. Wengine wape ruhusa ya kuposti na kujibu meseji, inatosha. Instagram ina jina na paswedi moja tu, hiyo ifungue kwa barua pepe ya shirika, sio ile yako uliyofungua ukiwa kidato cha pili.

Halafu laini. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, ikiwa ni kidole chako basi ni yako, na namba za uthibitisho zitaendelea kuja kwako hata kama uliacha kazi mwaka jana. Nendeni duka la mtandao wenu muulize kusajili kwa jina la taasisi, mbebe cheti cha usajili na nyaraka za shirika.

Aliyefungua peji hapatikani, au anapatikana ila anazungusha. Tufanyeje?

Mpigie kwanza, tena ampigie mtu aliyekuwa anaelewana naye. Nimeona watu wanaanza na meseji za vitisho kwenye grupu la WhatsApp, sasa mtu kama huyo utamwambia nini akurudishie kitu. Mara nyingi hajui tu pa kubonyeza, kaa naye kwenye simu umwelekeze akuongeze kama admini.

Ikishindikana kuna njia ya kuripoti kwa Meta, wenye Facebook na Instagram, mkiwa na cheti cha usajili na kitambulisho cha anayedai, inaenda polepole na saa nyingine haifiki popote. Wakati mnasubiri fungueni mpya, mtangaze kwamba ndo peji halali, mpandishe picha ya kibao cha ofisi na cheti. Ila msigombane naye kwenye komenti. Mbeya ni ndogo jamani, Iringa ndo kabisa.

Tuwe kwenye mitandao mingapi?

Miwili. Ukiweza mitatu sawa, ila miwili inayopumua ni bora kuliko mitano iliyokufa tangu Nane Nane ya mwaka juzi.

Chagua kwa kuangalia unaongea na nani. Walimu, watendaji wa kata, wazazi, viongozi wa vikundi, hao wako WhatsApp na Facebook. Instagram ina watu wa mjini, mashirika mengine na wafadhili. TikTok ni vijana, na kama kazi yenu ni vijana mkiikwepa mnajidanganya. X, ile Twitter ya zamani, tangu Mei 2025 haifunguki kwa njia ya kawaida nchini, na VPN (zile programu za kupita penye kufungwa) nazo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilishatoa agizo tangu 2023 zisajiliwe, kwa hiyo kwa shirika dogo sioni faida ya kuhangaika nayo.

WhatsApp watu wanaichukulia poa kwa sababu wameizoea. Grupu moja linabeba mpaka watu 1,024. Orodha ya kutuma kwa pamoja inabeba 256, na meseji inamfikia yule tu aliyeisevu namba yenu, ndo maana mtu anasema "nilituma kwa wote" na nusu hawajaona kitu. Chaneli za WhatsApp zilikuja 2023 na uzuri wake ni kwamba wanaofuata hawaoni namba za wenzao. Kwa mashirika yanayohudumia wanaoishi na VVU, au wanawake waliokimbia vipigo, hilo sio jambo dogo. Kwenye grupu kila mtu anaona namba ya kila mtu.

Na tusisahau kwamba kuna mama kule Ludewa ana kitochi na mtandao anaupata akipanda mlimani. Huyo peji haimfikii hata uipambe vipi. Huyo anafikiwa na redio ya mkoani, mwenyekiti wa kitongoji, na tangazo la kanisani Jumapili. Peji isile bajeti ya mikutano ya vijiji.

Tuposti mara ngapi, na saa ngapi?

Mara mbili kwa wiki inatosha sana kama kuna kitu cha kusema. Kuhusu saa, jioni kuanzia saa moja mpaka saa tatu watu wametulia, ila fungua takwimu za peji yako mwenyewe utaona wafuasi wako wanaingia saa ngapi, usichukue ratiba ya mtu wa Nairobi.

Msimu nao unahesabika. Huku mvua inaanza Novemba inaenda mpaka Aprili, Mei, watu wako shambani, umeme unakatika, mtandao unasumbua. Posti ndefu za mafunzo ziweke Juni mpaka Agosti watu wameshavuna, wapo ndani wanaota moto. Tarehe ambazo mnazijua mapema ziandalieni mapema: 16 Juni Siku ya Mtoto wa Afrika, Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, siku 16 za kupinga ukatili kuanzia 25 Novemba mpaka 10 Desemba, na katikati yake 1 Desemba Siku ya UKIMWI. Meta Business Suite inakuruhusu kupanga posti zitoke zenyewe, siku yenye mtandao mzuri unapanga za wiki mbili.

Picha za watoto tunaruhusiwa kuposti?

Hili ndo swali refu kuliko yote na nitalikalia.

Unapoposti unamfikiria mfadhili aliyeko Ujerumani. Kumbe wa kwanza kuiona ni mwanafunzi mwenzake darasani, ni jirani, ni muuza duka wa pale Ilula anayemjua mtoto kwa jina na kwa jina la bibi yake. Mfadhili ataangalia sekunde tatu apite. Majirani wataiongelea mwaka mzima. Ukishaiweka hivyo kichwani maswali mengi ya picha yanajijibu yenyewe.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni mtu chini ya miaka 18, kwa hiyo yule binti wa kidato cha tatu anayeonekana mkubwa naye ni mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na picha ya mtu pamoja na jina lake ni taarifa binafsi. Kwa hiyo ridhaa ya mzazi au mlezi, kwa maandishi, kwa Kiswahili anachokielewa, na mtoto mwenyewe aulizwe pia. Kuuliza sio kumwambia "simama hapo tupige picha". Mwonyeshe peji kwenye simu, mwambie itakaa hapa, watu wa kijijini wataiona na watu wa mbali wataiona, hata ukikataa kiroba chako cha unga kiko palepale. Hicho kipande cha mwisho ndo wengi wanakiruka. Mtu aliyepanga foleni ya msaada hawezi kukukatalia, ataogopa kukosa, kwa hiyo ridhaa iombe kabla ya siku ya kugawa au baada, sio pale foleni ikiwa imesimama.

Mambo ambayo kwangu ni hapana hata kama fomu imesainiwa: mtoto anayelia, mtoto bila nguo ya kutosha, mtoto aliyefanyiwa ukatili hata ukimziba macho kile kimstari cheusi (kijijini wanamjua kwa sweta), jina kamili pamoja na jina la shule, na ile ya mgeni kapiga magoti kakumbatia watoto kumi asiowajua. Hiyo ya mwisho najua mgeni ndo aliyeiomba. Mpige hiyo picha, mtumie yeye kwenye simu yake, kwenye peji usiiweke.

Kuna picha nyingi nzuri zisizomuumiza mtu. Mikono inayopukuchua mahindi, watoto kwa nyuma wakiingia darasani, bustani ya mboga ya shule kabla na baada, bibi anayecheka kwa sababu kaambiwa kitu cha kuchekesha na sio kwa sababu kaambiwa acheke. Na ukiishusha simu mpaka usawa wa macho ya mtoto badala ya kumpiga picha kutoka juu, picha inabadilika kabisa, hiyo ni bure.

Mtu aliridhia, sasa anataka picha yake itolewe.

Itoe leo. Usimuulize sababu, usimwonyeshe fomu aliyosaini. Iondoe Facebook, Instagram, chaneli, na mwambie mratibu asiitume kwenye ripoti mpya. Mwambie ukweli pia kwamba waliokwisha kuisambaza huwezi kuwafikia.

Mradi wetu ni wa VVU. Tunaongeleaje bila kumuumiza mtu?

Mikoa yetu ndo inaongoza, hilo halifichiki. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Hizo namba zitumieni, ni za wazi, na kila mkizitaja semeni ni za utafiti wa mwaka gani.

Ila mtu mmoja mmoja ni habari nyingine. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, na siri haivuji kwa kuandika jina tu. Ukiposti "wanufaika wetu wa mradi wa VVU wakiwa kwenye semina" halafu picha ina sura ishirini, umewataja wote ishirini, pamoja na yule dada aliyekuja kuleta chai. Piga ukumbi kwa nyuma, piga bango, piga viatu mlangoni. Ambaye ameamua mwenyewe kuongea hadharani aongee, wapo na wana nguvu sana, lakini mpe siku mbili afikirie na umuulize kama watoto wake wanajua.

Takwimu nyingine tuziandikeje? Tunafanya lishe.

Utafiti wa afya wa 2022 ulionyesha udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano Iringa ni asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8, na nchi nzima 30. Sasa ukiiandika hiyo kama "watoto wa Iringa wanakufa njaa" utakuwa umedanganya na umewatukana wasomaji wako. Mikoa hii inalisha nchi, gunia za mahindi na viazi zinapanda malori kila siku kuelekea Dar. Chakula kipo. Shida iko kwenye sahani ya mtoto, ugali bila kitu cha maana pembeni, na mama aliyeko shambani tangu alfajiri mtoto kaachiwa dada yake wa miaka saba. Andika hivyo. Mama akisoma anasema "huyu anatujua". Ukiandika njaa anakuona mwongo na anaachana na peji yako.

Mkurugenzi anataka kila posti iwe na picha yake.

Pole. Kila ofisi ina huyu mtu. Anzisha utaratibu: meza kuu inapata posti moja kwa kila tukio, moja, na zinazobaki ni za kazi. Halafu mwisho wa mwezi mpelekee takwimu bila maneno mengi, posti ya mkata utepe ilifikia watu wangapi na posti ya yule fundi cherehani wa Mbalizi ilifikia wangapi. Namba zikiongea hutalaumiwa wewe. Kama ni mwenyekiti na ni mtu mzima, tafuta mtu wa umri wake kwenye bodi amwambie, sio wewe kijana.

Tuandike Kiswahili au Kiingereza?

Kiswahili juu, Kiingereza cha mistari miwili chini kama kuna mfadhili anafuatilia. Nashangaa peji za shirika la Rungwe zinazoongea Kiingereza kitupu na watu wa Rungwe, halafu wanalalamika hamna anayekomenti.

Lugha za nyumbani tumia kwenye sauti na video. "Ugonile" mwanzoni mwa video ya Tukuyu au "kamwene" kwa watu wa Iringa na Njombe, mtu anasimama kusikiliza. Bibi akiongea Kihehe mwache aongee, weka maandishi ya Kiswahili chini. Maandishi chini ya video weka kila mara hata kama ni Kiswahili, maana wengi wanaangalia bila sauti, wako kwenye daladala au kwenye foleni ya hospitali.

Watu wanaomba msaada inboksi: ada, matibabu, nauli. Nifanyeje?

Jibu wote. Hata kama jibu ni hapana. Mtu aliyeandika meseji ndefu ya shida zake saa nane usiku akaona umeisoma ukanyamaza, anaumia kuliko kukataliwa.

Andaa majibu matatu manne na mratibu, yahifadhi kwenye WhatsApp Business pale kwenye majibu ya haraka, kisha badilisha kidogo kila mara yasionekane ya mashine. Mfano: "Shikamoo mama, pole sana na hali hiyo. Sisi tunafanya kazi na vikundi vya wakulima tu, hatuna fungu la ada. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu wanaweza kukusikiliza, nenda na barua ya mtendaji wa kijiji." Usiahidi. Usiseme "tutaangalia" kama hamna mtakachoangalia.

Meseji ya mtoto anayepigwa au kubakwa haisubiri kikao. Namba 116 ni ya huduma kwa mtoto, ni bure nchi nzima, na polisi wana dawati la jinsia na watoto. Mpigie mratibu hapohapo. Na hiyo meseji haipigwi skrinshoti kuwekwa popote, hata ukiziba jina.

Mtu kakomenti "mnakula tu hela za wazungu". Nifute?

Usifute. Mjibu kwa adabu na kwa namba: mradi huu ulipata kiasi fulani, umechimba visima vitatu, viko vijiji hivi, karibu ofisini uone. Kanuni za mashirika za 2018 zenyewe zinataka mashirika yatangaze fedha yaliyopokea na matumizi yake, kwa hiyo huyo mkomenti anauliza kitu ambacho mlitakiwa mmeshakisema. Nimeona wakali wa namna hii wakijibiwa vizuri wanageuka kuwa watetezi wa peji.

Unachofuta ni matusi, kutaja jina la mtoto au la mgonjwa, na wale wa "nilipona kwa dawa ya dokta fulani mpigie namba hii". Facebook ina sehemu ya kuweka maneno ambayo komenti ikiwa nayo inajificha yenyewe, jaza humo matusi ya Kiswahili na ya kilugha, maana mfumo wao matusi ya Kinyakyusa hauyajui. Na usijibu ukiwa na hasira. Mpe mwenzako asome kabla hujatuma.

Siasa je?

Peji ya shirika haina chama. Mbunge akija kwenye tukio andika cheo chake na alichofanya, basi, usiongeze shangwe. Wafuasi wakianza kutukanana kwa vyama chini ya posti ya vyandarua, zima komenti za posti hiyo. Na taarifa usizokuwa na uhakika nazo, za mlipuko wa ugonjwa, za watoto waliopotea, usisambaze kwa peji mpaka umepiga simu kwa wahusika: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha taarifa za uongo, faini yake inaanzia milioni 5 au kifungo cha miaka 3 au vyote pamoja. Angalia pia ni akaunti ipi umefungua kabla hujakomenti mambo ya mpira na siasa zako, simu hairuki yenyewe kutoka peji kwenda kwako.

Tunahitaji kibali cha TCRA?

Kanuni za maudhui ya mtandaoni ni za 2020, zikarekebishwa 2022. Peji inayoonyesha kazi za shirika ni kitu kimoja, ila mkianza kurusha habari na vipindi kama chombo cha habari hiyo ni kitu kingine. TCRA wana ofisi ya kanda hapa Mbeya, andikeni barua mjibiwe kwa barua mweke kwenye faili. Pia mashirika yanayokusanya taarifa za watu yanatakiwa kujisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na daftari la majina ya walengwa wenu ndo taarifa zenyewe.

Tunaweza kuchangisha pesa kupitia peji?

Mnaweza, ila pesa isiingie kwenye namba ya mtu. Hata kama ni mama mwenyekiti anayeaminika na kila mtu. Chukueni lipa namba ya M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa iliyosajiliwa kwa jina la shirika, mchangiaji akiingiza aone jina lenu kabla ya kuweka namba ya siri. Hilo jina likionekana linajenga imani kuliko kapsheni yoyote utakayoandika. Kile kitufe cha kuchangia cha Facebook mnachokiona kwenye peji za Marekani msikitafute, mashirika ya Tanzania hatujafunguliwa.

Sema unachangisha kiasi gani, kwa kitu gani, mpaka lini. Kila siku mbili tatu taja kilichofika. Kikitimia funga, ondoa namba, mshukuru mtu, halafu onyesha kitu chenyewe: bati zikishuka kwenye gari, bati zikiwa juu ya paa, risiti ya duka. Peji inayochangisha mwaka mzima bila kufunga watu wanaichoka na wana haki.

Matapeli wananakili. Wanachukua nembo yenu, picha zenu, wanafungua peji inayofanana wanaweka namba yao. Mara moja kwa mwezi tafuta jina la shirika lenu ukiona peji ya pili iripoti, waambie na wafuasi wairipoti, na bandika juu kabisa posti inayosema lipa namba yetu ni hii moja tu.

Kubusti posti kuna maana?

Kubusti, yaani kulipia posti iwafikie watu wengi zaidi, kuna maana kwa tangazo lenye kitu cha kufanya: usajili wa mafunzo unafungwa Ijumaa, kliniki tembezi inakuja Chunya Jumanne. Kubusti picha ya kikao ni kutupa hela. Chagua eneo kwa mkono, andika Mbarali au Mafinga, umri na kila kitu, maana ukiacha Tanzania nzima pesa yako itaishia Dar kwa watu wasiojua Rujewa iko wapi. Unalipa kwa kadi, kama shirika halina, M-Pesa wana kadi ya Visa ya mtandaoni unaweza kuitumia. Chukua risiti kila mara, mhasibu atakuuliza.

Tumepata meseji "peji yenu itafutwa ndani ya saa 24, bonyeza hapa".

Wezi hao. Meta hawakuandikii inboksi kwa jina la "Msaada wa Peji" lenye picha ya ngao. Ukibonyeza unakuta ukurasa unaofanana na Facebook, unaingiza paswedi, kesho peji inauza miwani kwa Kivietinamu. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa maadmini wote, na WhatsApp weka ile PIN ya tarakimu sita. Namba ya uthibitisho ikija kwenye simu usimpe mtu, hata akisema ni mchungaji na kaituma kwako kwa bahati mbaya. Huyo mchungaji keshadukuliwa.

Picha zinatoka na ukungu, na bando linaisha.

Wenzako wa vijijini wakikutumia picha WhatsApp waambie watume kama dokumenti, sio kama picha, vinginevyo WhatsApp inazibana. Futa lenzi na shati, nusu ya ukungu ni mafuta ya vidole. Video kata dakika moja, pandisha usiku kwa bando la usiku. Canva, ile programu ya kutengeneza mabango, wana mpango wa bure kwa mashirika yasiyo ya faida, mnaomba kwa cheti cha usajili. Muziki wa Reels kwenye akaunti za biashara unakuwa mchache kuliko kwenye akaunti yako, usibebe wimbo wa msanii kwa nguvu, video itanyamazishwa.

Mfadhili anauliza mafolowa, na sisi tuko mia nane tu.

Mia nane wa wilaya yako ni watu wengi, ungewaweka ukumbini ungetafuta viti. Usinunue mafolowa, wanaongeza namba na wanaua peji, maana posti inaonyeshwa kwao kwanza na hawaigusi. Kwenye ripoti andika vitu vingine: meseji ngapi mlijibu, wangapi waliojisajili mafunzo walisema waliona Facebook, mtendaji gani alipiga simu baada ya posti ya maji. Uliza kila anayekuja ofisini alitujua wapi, andika kwenye daftari la wageni, weka safu yake kabisa.

Hii kazi inatakiwa kulipwa? Nafanya kwa simu na bando langu.

Inatakiwa. Angalau bando na chaji visitoke mfukoni kwako, na posho ya siku za tukio iwe sawa na ya wenzako, maana wao wakimaliza kula wewe bado unahariri video. Tatizo wengi wanaomba mwaka ukiwa katikati, wanajibiwa "bajeti ilishapita" na ni kweli imepita. Omba wakati andiko la mradi linaandikwa. Kaa na anayeandika, muweke mstari wa bajeti wa mawasiliano wenye vitu vyake: bando la mwezi, simu moja ya ofisi, betri ya akiba, fungu la kubusti, na posho ya mtu. Kila kimoja na bei yake, usikubali viwekwe kwenye "mengineyo", hiyo ndo inakatwaga ya kwanza.